Milango Mitano Aliyopewa Mtoto

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 27:1–29; 1 Samweli 3; Marko 5:35–43; Waebrania 5:14

 

Somo la juma hili ni la wazazi, walezi na walimu wa Shule ya Jumapili. Lakini hata wewe ambaye hujapata mtoto, usikiweke kando kijarida hiki. Mtoto anayekaa mkeka wa mbele kanisani ni wa sisi sote, na siku ya hesabu tutaulizwa sote.

Walimu wetu wa watoto wameanza kufundisha milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mama mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Mchungaji, hiyo si kazi ya shule? Mtoto wangu wa chekechea anaijua yote." Nikamwambia, mama, umeuliza vizuri, na jibu nitalileta madhabahuni ili wote wasikie.

Ni kweli shule inafundisha. Mtoto atakuja nyumbani akuambie jicho ni la kuona na pua ni la kunusa, na hapo mwalimu amefanya kazi yake, tumshukuru. Lakini kuna maswali mawili ambayo mwalimu wa shule hakutumwa kuyajibu. Nani alimpa mtoto jicho hilo? Na alimpa ili afanye nalo nini? Mithali 20:12 inatuambia kwamba sikio na jicho, vyote viwili, vilifanywa na Bwana. Zaburi 94:9 inauliza, kama ni yeye aliyelipanda sikio, atakosaje kusikia? Sasa maswali hayo tusipoyajibu sisi nyumbani na kanisani, yatajibiwa na simu, na yatajibiwa na vijana wa kwenye kijiwe. Samaki mkunje angali mbichi.

MLANGO UNA KAZI MBILI

Angalia lugha yetu ilivyo na hekima. Kiswahili hakikusema "vifaa vya fahamu". Kilisema milango. Na mtu yeyote aliyejenga nyumba ya udongo hapa Garsen, au Tarasaa, au Ngao, anajua mlango ni wa nini. Mgeni akija, unafungua. Fisi akija, unafunga. Ni mlango ule ule.

Nyumba isiyo na mlango, yenye tundu tu, haina usalama. Mbuzi wataliwa. Huyo ni mtoto ambaye ameachiwa kila kitu kiingie: anaangalia chochote, anasikiliza chochote, anaonja chochote, na hakuna anayemuuliza.

Lakini kuna nyumba nyingine. Hii mlango wake umepigiliwa misumari. Hakuna mwizi atakayeingia humo, ni kweli. Hakuna hewa pia. Washa jiko ndani uone kama kutakucha na watu wazima.

Sisi Wapentekoste tunajua sana kuhubiri juu ya kufunga milango. Funga macho na sinema chafu! Funga masikio na nyimbo za dunia! Nasema amina, nami nimehubiri hivyo na nitazidi kuhubiri. Lakini tukiishia hapo tu, mtoto atajifunza kwamba mwili aliopewa na Mungu ni adui yake. Na hilo, wapendwa, si jambo dogo. Limeua watu.

Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, hapo jirani zetu Kaunti ya Kilifi, nchi nzima iliona. Watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na wengi walikuwa watoto. Nataka tulitafakari jambo hilo bila haraka. Mtu mzima anaweza kudanganywa akajiamulia. Mtoto hakujiamulia. Mtoto alisikia njaa, na njaa ile ilikuwa inasema kweli. Mungu aliiweka njaa tumboni mwa mtoto ili imlinde. Wakubwa wakaiita njaa hiyo ni shetani, ama ni udhaifu wa imani. Mlango ukapigiliwa misumari, tena kwa jina la Yesu.

Sasa tumtazame Yesu mwenyewe. Marko 5. Binti Yairo, miaka 12, amekufa, waombolezaji wako mlangoni. Yesu anaingia, anamshika mkono, anamwita, binti anasimama na kutembea. Watu wameshikwa na mshangao mkubwa. Na Yesu anaagiza nini hapo? Anaagiza binti apewe chakula! Wenye nyumba wanashangaa muujiza, Bwana anafikiria tumbo la mtoto. Huyo ndiye Yesu wa Biblia. Mtu akija kwako na Yesu anayemnyima mtoto chakula, usimfungulie. Kufunga na kuomba ni kwa mtu mzima aliyeelewa na mwenye afya. Katika kanisa hili mtoto hafungishwi, mama mwenye mimba hafungishwi, mgonjwa anayemeza dawa hafungishwi. Liandikwe hivyo.

ISAKA NA MILANGO YAKE

Ukitaka kuona milango yote mitano katika sura moja ya Biblia, fungua Mwanzo 27.

Isaka amezeeka, macho yamepofuka. Mlango wa kwanza umefungwa. Anataka kumbariki Esau, mzaliwa wa kwanza. Yakobo anaingia akiwa amevaa nguo za ndugu yake, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Isaka anampapasa: ngozi inasema huyu ni Esau. Anakula: ulimi unasema hiki ndicho chakula cha Esau. Anambusu na kunusa nguo: pua inasema huyu ni Esau, ana harufu ya shamba. Milango mitatu imedanganywa.

Umebaki mmoja. Sikio. Na sikio la mzee lilisema ukweli! Isaka mwenyewe alitamka kwamba anaisikia sauti ya Yakobo. Alisikia vizuri kabisa. Lakini aliuliza mikono, akauliza tumbo, akauliza pua, halafu akaacha lile sikio lilimwambia nini.

Hapo kuna mafundisho mawili kwa watoto wetu. La kwanza, mlango mmoja unaweza kudanganywa, kwa hivyo tumfundishe mtoto kuuliza milango mingine kabla hajaamini. Kitu kinapendeza macho, je, kinanukaje? Mtu ana zawadi mkononi. Je, maneno yake yanasemaje? La pili, neno lililosikika lisitupwe kwa sababu tumbo limeshiba.

Na kuna la tatu, hili ni la wazazi. Nani alimvalisha Yakobo zile ngozi? Ni mama yake. Yakobo alisitasita, akasema baba atanipapasa atanigundua. Mama akamwambia fanya tu ninavyokuambia. Mtoto hujifunza nyumbani kutumia milango yake kwa kweli, ama hujifunza nyumbani kudanganya milango ya wengine. Ukimwambia mtoto, "Yule akibisha, mwambie mama hayupo," nawe umekaa ndani, umemvalisha ngozi za mbuzi.

JICHO

Mtoto mchanga akizaliwa haoni mbali. Anaona vizuri karibu tu, kama sentimita 20 hadi 30. Mama, unajua hiyo ni umbali gani? Ni kutoka kwenye titi mpaka usoni pako. Mungu alipanga kitu cha kwanza mtoto kukiona vizuri kiwe uso wa anayemlisha. Kwa hivyo unaponyonyesha, acha simu kidogo. Mtoto anakutazama wewe.

Akikua, mfungulie mlango huu. Yesu katika Mathayo 6 aliwaambia watu waangalie ndege na maua, hakuwaambia wafumbe macho. Na sisi Mungu ametupa mengi ya kuangalia. Kando ya Mto Tana kuna aina mbili za tumbili, mbega mwekundu na mangabe, ambao kwa asili hawapatikani pahali pengine popote duniani. Ulimwengu mzima! Ndege wa delta yetu wanafuatwa na wageni kutoka ng'ambo. Sasa mtoto wa Garsen anajua majina ya wachezaji wa Uingereza lakini hajawahi kuambiwa kwamba Mungu aliweka hapa kwao kitu ambacho hakukiweka kwingine. Mwonyeshe. Mwambie, "Baba yetu wa mbinguni alifanya hivi."

Halafu mfundishe kufunga. Simu ya baba ina picha za watu waliokatwa, waliochomwa, walio uchi. Usimkabidhi mtoto simu ili anyamaze tu upike.

Na jicho lenyewe lilindwe. Embe mbivu, papai, mchicha na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A inayosaidia macho. Kliniki inatoa vitamini hiyo bure kwa matone, kila miezi 6 mpaka mtoto afike miaka 5. Mtoto akianza kujikwaa jioni wakati wenzake wanaona, mpeleke. Tutamwombea, ndiyo, na daktari atamwangalia.

SIKIO

Mlango huu unafunguka kabla mtoto hajazaliwa. Luka 1 inasema Elisabeti aliposikia salamu ya Mariamu, mtoto aliruka tumboni. Madaktari nao wanatuambia mtoto husikia akiwa tumboni katika miezi ya mwisho. Kwa hivyo mkigombana ndani ya nyumba na mama ana mimba, mko watatu.

Na sikieni jambo la fahari, watu wa Tana. Wimbo wa Taifa la Kenya, ulioanza kuimbwa tulipopata uhuru mwaka 1963, sauti yake ilitoka kwa Wapokomo. Ilikuwa sauti ya wimbo wa mama kumbembelezea mtoto. Rais anasimama wima, majeshi yanapiga saluti, kwa sauti ambayo mama wa kando ya mto huu alimwimbia mtoto sikioni alale! Mama, usidharau unachomwimbia mtoto. Hujui kitafika wapi.

Lakini sikio hilo hilo linapokea sumu. Tunakumbuka mwaka 2012 na mapigano yaliyotokea katika delta hii. Watu zaidi ya 100 waliuawa, Wapokomo na Waorma, wanawake na watoto wadogo, nyumba zikachomwa, mifugo ikakatwakatwa. Ugomvi ulikuwa wa maji na malisho na mashamba, na siasa ikaingia. Watoto wa wakati ule sasa ni vijana, wengine ni wazazi wanaosoma kijarida hiki. Nauliza: mtoto wako akilala chumba cha pili, anasikia nini mkizungumza usiku juu ya jirani? Anasikia "wale watu"? Anasikia kwamba wafugaji wote ni wanyama, ama kwamba wakulima wote ni wezi wa ardhi? Jirani yetu Mwislamu anayechunga ng'ombe ana mtoto pia, naye amelala chumba cha pili akisikiliza. Mimi naomba kwamba katika nyumba za waliookoka, mlango wa sikio la mtoto usiingie neno la kumchukia jirani. Bwana alituagiza tumpende jirani, na hakutaja kabila.

Kuna jambo moja zaidi juu ya sikio, nalo ni la uhai. Sisi tunaijua mafuriko. Tuliyaona mwishoni mwa 2023, tukayaona tena 2024. Mgeni hawezi kuelewa, lakini wewe unajua: hapa maji yanaweza kuja jua likiwaka. Mvua imenyesha huko juu, milima ya Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga na wenzake yamejaa, na sisi huku chini anga ni jeupe. Jicho linasema hakuna shida. Redio inasema hameni, nendeni pahali pa juu. Sasa utaamini mlango gani? Waebrania 11:7 inasema Nuhu alionywa juu ya mambo ambayo bado hayajaonekana, akatii, akaokoa nyumba yake. Warumi 10:17 inafundisha kwamba imani inatokana na kusikia. Basi mtoto wa Garsen ana mfano wa imani mlangoni kwake. Mwambie: ukisikia onyo la kweli, usingoje mpaka uone. Ndivyo tunavyomwamini Yesu ambaye hatujamwona. Na ndivyo tunavyohama mapema, na magodoro yetu, na mbuzi wetu, wala hatukai tukisema "Mungu atatulinda" wakati yeye ndiye aliyetuma onyo.

PUA

Pua hatuihubiri sana, lakini iko katika Maandiko. Mariamu wa Bethania alipopaka miguu ya Yesu marhamu, Yohana 12:3 inasema nyumba yote ilijaa harufu yake. Aliyepakwa ni mmoja, walionukia ni wote. Paulo katika 2 Wakorintho 2 anatuita harufu nzuri ya Kristo. Mtoto ataelewa haraka ukimwambia: upendo wako mama akiwa jikoni, hata aliye nje atausikia.

Mfundishe mtoto pua inalinda. Chakula kilichoharibika, pua inajua kabla ya tumbo. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, pua inajua. Mwambie anuse kabla ya kunywa.

Na mfundishe adabu ya pua. Darasani kuna mtoto aliyelala karibu na zizi, anakuja na harufu ya mbuzi. Kuna msichana ambaye mwezi umemkuta hana pedi. Kuna mzee mwenye kidonda. Mtoto wako akiziba pua na kucheka mbele ya wenzake, amemtukana mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Yesu aliwagusa wenye ukoma. Sidhani vidonda vyao vilinukia.

ULIMI

Zaburi 34:8 inatualika tuonje tuone wema wa Bwana. Mungu hakuona haya kujilinganisha na kitu kitamu. Angeweza kutupa chakula kisicho na ladha na tungeishi tu. Alitupa embe! Basi mtoto akila embe la Tana, juisi inamtiririka mpaka kiwikoni, usimgombeze kwanza. Mwambie, "Sema asante Yesu." Hiyo ni ibada.

Lakini tumwambie pia juu ya mathenge. Mti ule tunaujua, umetuvamia mashamba na njia, miiba yake inatoboa hata gurudumu. Maganda yake ni matamu. Mbuzi wanayapenda, hakuna anayewalazimisha. Lakini wakiyala sana, ufizi na meno huharibika. Kule Baringo wafugaji walienda mahakamani kwa sababu ya mti huo, na mbuzi asiye na meno akaletwa kama ushahidi. Hakuna aliyempiga yule mbuzi. Utamu ndio uliomng'oa meno. Mwambie kijana wako anayeonja muguka kwa mara ya kwanza, mwambie binti yako anayeletewa chipsi na mtu wa pikipiki: uliza kitu hiki kitamu kitaniachaje kesho.

Na ulimi huo huo ndio unaosema. Yakobo 3 inashangaa vipi kinywa kimoja kitoe baraka na laana. Mtoto anayemsifu Mungu Jumapili na kumwita mwenzake "mjinga" Jumatatu, tumrekebishe kwa upole. Kwanza tusikilize amelitoa wapi neno hilo.

NGOZI

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, na ndio mlango tunaonyamazia kuliko yote. Leo sitanyamaza.

Yesu aliwakumbatia watoto, akaweka mikono yake juu yao, akawabariki. Iko Marko 10:16. Mtoto anahitaji kuguswa kwa upendo. Baba, ukirudi kutoka shamba, mshike mtoto kichwani, mwombee. Asiujue mkono wako kwa fimbo peke yake.

Sasa mfundishe kuufunga mlango huu. Mwambie kwa maneno ya kawaida: sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani ni zako, hakuna mtu wa kuzichezea. Mtu akikugusa hapo, ama akitaka umguse, sema hapana kwa nguvu, kimbia, uje uniambie. Hata kama ni mjomba. Hata kama ni mwalimu. Hata kama ni mtu wa kanisa mwenye Biblia mkononi, hata kama ni mchungaji. Hata akikuambia ni siri. Siri ya namna hiyo haitoki kwa Mungu.

Halafu wewe mzazi, siku hiyo akija kukuambia, utafanya nini? Soma 1 Samweli 3. Mtoto Samweli alipewa ujumbe mzito, tena ulikuwa dhidi ya nyumba ya mzee aliyemlea. Aliogopa kusema. Eli, macho yamefifia, na pamoja na makosa yake mengi, siku ile alifanya jambo moja la haki: alimwambia mtoto asimfiche hata neno moja. Hakumwambia "nyamaza, utatuaibisha". Fanya kama Eli siku ile. Mwamini mtoto. Mpeleke hospitali upesi, kabla ya saa 72 kuisha, kwa maana kuna dawa za kumkinga zinazofanya kazi ndani ya muda huo. Usimwogeshe kwanza. Nenda polisi. Piga 116, ni simu ya watoto, ni bure. Na wazee wakija kukuambia mkae mfanye maslaha, mlipwe mbuzi ama pesa yaishe, sema hapana. Ngozi ya mtoto haiuzwi. Na kama anayeshtakiwa ni mtu wa kanisa hili, usiniletee mimi kwanza nimalize kimyakimya. Peleka kwanza panapostahili, halafu uniambie, nitasimama nawe.

MTOTO ALIYEFUNGIWA MLANGO MMOJA

Yuko mtu anasoma hapa moyo unamuuma. Anasema, mchungaji unahubiri macho na masikio, wangu haoni. Wangu hasikii.

Mama, baba, Yohana 9 iliandikwa kwa ajili yenu. Wanafunzi waliuliza ni nani alitenda dhambi, huyu ama wazazi wake, hata akazaliwa kipofu. Yesu akajibu si yeye, wala si wazazi wake. Basi mtu asije kwenu na habari za laana ya ukoo. Katika Kutoka 4:11 Bwana anamwambia Musa kwamba bubu na kiziwi, mwenye kuona na kipofu, wote ni wake. Na Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi ama kumwekea kipofu kikwazo njiani.

Sisi tunaamini uponyaji. Tutawaombea. Lakini mtoto hangojewi apone ndipo apendwe, wala ndipo aende shule. Angalia Marko 7: Yesu alipomhudumia kiziwi, alimtoa kando ya umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Alizungumza naye kwa ishara ambazo yule aliweza kuziona! Alipita kwenye milango iliyokuwa wazi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaagiza Serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya Breli. Kama Serikali imeagizwa, kanisa linangoja nini? Msimfiche mtoto ndani. Mleteni. Walimu wa Shule ya Jumapili, mtoto asiyeona akija, mpeni embe anuse, ngoma asikie, udongo ashike. Ana milango minne. Yesu ataingia.

Na sikio la mtoto likitoa usaha, usiseme ni la kawaida na kumtilia mafuta ya kupikia. Likiachwa, linaweza kumharibia kusikia. Mpeleke zahanati.

KAZI YA FAMILIA JUMA HILI

Waebrania 5:14 inasema juu ya watu waliokomaa kwamba fahamu zao zimezoezwa kwa kutumiwa, wakajua kupambanua mema na mabaya. Kuzoezwa ni kazi ya kila siku. Kwa hivyo baada ya chakula cha jioni, dakika kumi tu:

Jumatatu, jicho: kila mtoto aseme kitu kimoja kizuri alichokiona leo, na kimoja alichoona kikamwogopesha. Mzazi asikilize, asimcheke.

Jumanne, sikio: kaeni kimya dakika moja nje, kisha kila mtu ataje alichosikia. Halafu zungumzeni: redio ikitangaza mafuriko, tutaenda wapi, nani atamshika nani?

Jumatano, pua: fumba macho ya mtoto na leso, anuse limau, vitunguu, majani. Msimulieni Mariamu wa Bethania.

Alhamisi, ulimi: mtoto azibe pua aonje kipande cha embe, kisha aachie pua. Atashangaa utamu ulivyobadilika. Mwambie Mungu alifanya milango isaidiane, kama vile sisi katika kanisa.

Ijumaa, ngozi: mfundishe maneno yale matatu: hapana, kimbia, sema. Ayarudie mpaka ayajue.

Jumamosi, someni Mwanzo 27 kama hadithi, watoto wakiigiza. Waulize Isaka angefanya nini na lile sikio lake.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, wewe uliyelipanda sikio na kuliumba jicho, tunakuletea watoto wa Garsen na wa Mto Tana wote. Wape macho ya kuona kazi zako. Wape masikio ya kusikia onyo na kutii. Pua zao, ndimi zao, ngozi zao, zote ni zako, uzilinde. Waliofungiwa mlango mmoja, uwafikie kwa mingine, na utupe sisi mikono ya kuwaleta kwako. Wale walioumizwa na watu waliopaswa kuwalinda, uwape mtu wa kuwasikia. Na sisi wazazi utufanye mabawabu waaminifu, tunaojua wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Kwa jina la Yesu, amina.